Uzito Kwenye Pindo

"Mimi ukiingia tu mlangoni, nikakutupia jicho moja, nishajua kiuno chako, kifua chako na siri zako zote." Ndivyo Bibi Fundi alivyozoea kuwaambia wateja wapya, tepu ikining'inia shingoni kama mkufu. Kisha, kabla mteja hajamaliza kustaajabu, alijikata kauli mwenyewe: "Isipokuwa yule mwashi niliyemshonea suruali kwa jicho, ikabidi atafute mwenzake waivae wawili." Watu walivunjika mbavu kwa kicheko, naye akaishusha ile tepu shingoni na kupima kama mafundi wote wa dunia hii.

Aliipenda hadithi hiyo. Siku hizi haisimulii tena. Mwashi wa watu alishonewa suruali nyingine, na yakaisha. Lakini kuna mtu wa pili ambaye jicho la Bibi Fundi lilimkosa, na huyo hakuwa mteja wa kupita njia. Alikuwa mjukuu wake, akilala ukuta kwa ukuta na cherehani.

Bibi Fundi alikuwa akishona katika chumba cha mbele cha nyumba ya binti yake, penye dirisha linalotazama barabara. Binti huyo alikuwa mpokeaji wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Kazi yake ilikuwa kutabasamu tangu asubuhi, kwa hiyo akifika nyumbani jioni tabasamu lilikuwa limekwisha, halijabaki hata la kuonjesha. Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Kutwa nzima alipandisha na kushusha watu asiowajua, na kwa maneno alikuwa bahili. Hata hayo machache aliyokuwa nayo hakumpelekea mkewe.

Hawakuwahi kupigana. Bibi Fundi aliona ingekuwa afadhali wapigane, majirani waje waamue, watu wanywe chai, mambo yaishe. Wao walinuniana. Na kununiana kwao kulihitaji mjumbe, na mjumbe alikuwa mtoto wao wa pekee.

"Mwambie baba yako chumvi iko mbele yake."

"Mwambie mama yako nimeiona, sijapofuka."

Mtoto, kijiko mkononi, geuka huku, geuka kule, sahani inapoa. Baadaye baba akaanza kula huko huko kazini. Akirudi ni kulala tu, na begi lake la nguo likawa linashinda mlangoni, halijafunguliwa, kama abiria asiyejua aende au akae.

Huo ulikuwa mchango wa wazazi. Bibi Fundi naye hakukosa wa kwake. Siku mjukuu alipozaliwa, mikono ina mikunjo, mashavu yameziba macho, Bibi alimpakata akasema, "Huyu mtungi, jamani! Mtungi wangu umejaa!" Watu wakacheka na jina likaganda. Alimwita Mtungi mbele ya wateja na mbele ya wenzake wa shule. Hata msichana alipoingia sekondari na kuanza kujitazama kiooni kwa muda mrefu, aliendelea kumwita Mtungi. Akimpima nguo, alimfinya kiunoni na kutania, "Mke mwenzangu, niambie mapema, nikukatie gauni au hema?"

Wote walicheka. Mtoto naye alicheka. Hilo ndilo lililokuja kumla Bibi Fundi ndani kwa ndani, kwamba mtoto alicheka. Angelia, pengine mtu angemsikia.

Mama mtu naye hakuwa na nafuu. Kila asubuhi alijigeuza mbele ya kioo, akajishika tumbo na kusema, "Nimefura kama puto. Leo sili." Na kweli hakula, mpaka saa ya kuchovya mkate kwenye chai, akajilaumu mbele ya binti yake kana kwamba ameiba.

Ikafika siku msichana akasimama kando ya cherehani na kusema, "Bibi, nipunguzie hapa kidogo."

Bibi akapunguza. Hazikupita siku nyingi, akarudi. "Na hapa, Bibi." Akapunguza tena. "Unarefuka wewe," akamwambia. "Unavutwa juu kama mlingoti. Utatuacha chini sisi wazee." Alipunguza kwa ustadi, mishono isionekane, mpaka gauni moja likawa na kitambaa kingi kilichokunjwa ndani kuliko kilichobaki nje. Hapo fundi yeyote mwenye akili timamu angesimamisha cherehani na kujiuliza. Bibi Fundi aliligeuza gauni, akaitazama mishono yake na kujisifu.

Alasiri moja bi harusi mtarajiwa alikuja kujaribu gauni lake. Alikuwa ameliingia nusu, nusu limekataa, akamwona msichana amesimama mlangoni. "Lo! Mtoto ana umbo huyu! Anakula nini nimwige?"

"Huyo ni damu yangu," Bibi akajibu kwa majivuno, naye mwenyewe alikuwa amekijaza kiti mpaka kwenye mikono ya kiti. Msichana akatabasamu kidogo. Bibi aliliona lile tabasamu akalifurahia, na ndilo tabasamu ambalo leo hii angetoa cherehani yake alirudishe nyuma.

Aliyegundua ni mama. Alikuta nywele kwenye kitana, nywele za kutosha kumsuka mtu mwingine, akaingia chumbani bila kubisha na kumkuta mwanawe anabadili nguo. Ukelele wake ulimfanya Bibi ajichome sindano.

Hospitalini daktari aliutaja ugonjwa kwa jina refu la kigeni, kisha akaueleza kwa maneno ya watu. Alisema ni ugonjwa unaomfanya mtu auogope unene kuliko anavyokiogopa kifo, akijitazama kiooni aone mtu mnene ambaye wengine wote hawamwoni, na kila tonge analolikataa kwake ni ushindi. Alisema unaua. Alilisema hilo polepole, akiwatazama mmoja mmoja.

"Ni kosa la nani, daktari?" mama akauliza.

"Hatutafuti mkosaji, mama. Tunatafuta wa kumsaidia."

Bibi Fundi alisikia neno "mkosaji" tu, lililobaki lote likampita. Akautazama mkoba wake kwenye mapaja mpaka wenzake waliposimama.

Wakakabidhiwa kwa muuguzi mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole isiyorudi nyuma, wote wakimwita Sista. Sista aliwapa masharti. Wale pamoja mezani, wote. Mtu asiutaje mwili wa mtu, wa kwake wala wa mwenzake, si kwa sifa wala kwa utani. Na kila Jumatatu msichana aje apimwe bila viatu wala sweta, akiwa na gauni lile lile jepesi kila mara, ili mizani isidanganywe na nguo. Akishuka chini ya alama aliyoichora kwenye karatasi ya ukutani, atalazwa.

"Gauni nitamshonea mimi," Bibi akadakia. Alitaka sana kuwa na faida.

Basi meza ikarudi kuwa meza. Baba akawahi kutoka kazini. Siku za kwanza hawakujua la kusema, maana watu hawa wakinyimwa kununa na kutaniana walikuwa hawana mada. Baba akasimulia lifti iliyokwama na bwana mmoja mwenye mbuzi. Mama akauliza, "Mbuzi alikuwa anakwenda ghorofa ya ngapi?" Akamwuliza yeye mwenyewe, uso kwa uso, bila mjumbe! Bibi nusura aangushe kijiko. Na msichana, sahani haijaguswa mbele yake, alikuwa akiwatazama wazazi wake jinsi mtu anavyotazama maziwa jikoni, akiogopa kupepesa macho yasije yakamwagika.

Alasiri ya kabla ya kipimo cha tatu, mama na baba wakiwa wametoka, msichana aliingia chumba cha kushonea, akafunga mlango.

"Bibi, zile risasi za pazia unazo bado?"

Bibi alikuwa nazo, kopo zima. Ni vile vipande vidogo vizito ambavyo mafundi huvishona kwenye pindo la pazia ili linyooke lisipeperushwe na upepo.

"Za nini? Una nyumba mpya?"

"Nishonee kwenye gauni la kupimia."

Bibi akaacha kukanyaga cherehani. "Toka hapa. Unataka niingie jehanamu na uzee huu, sijamaliza hata kulipa dhambi za ujana?"

Msichana hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akajikumbatia magoti. "Nimeshuka, Bibi. Najijua. Kesho watanilaza. Na nikilazwa, baba atakula na nani nyumbani? Ataondoka. Unafikiri anakuja kwa ajili ya mchuzi wa mama?"

"Usiseme hivyo. Baba yako anawapenda."

"Ananiogopea. Akiacha kuniogopea atalichukua lile begi." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesoma vipimo. "Nipe muda tu nipande mwenyewe. Nitakuwa nakuja hapa kila alasiri, nakula yai na kunywa maziwa, unaniona kwa macho yako. Hizo risasi ni bandi tu, Bibi. Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

Bandi ni ule mshono wa haraka, wa uzi mrefu, fundi anaoupiga kukishikilia kitambaa mpaka mshono wenyewe upite, kisha anaufumua. Bila bandi gauni hupinda. Neno hilo lingekuwa jingine lolote, Bibi Fundi angekataa. Lakini mtoto alimwendea kwa lugha ya kazi yake, na kazi ndiyo kitu pekee alichokiamini kuliko akili yake. Tena kulikuwa na deni moyoni. Alikuwa amemwita mtoto huyu Mtungi miaka yote hiyo, sasa mtoto anamwomba kitu kimoja.

Akalifungua kopo.

Siku za mwanzo msichana alishika ahadi. Alikula yai vipande vidogo vidogo, jasho likimtoka puani kama mtu anayebeba gunia, na Bibi akijitia kushona ili asimtazame sana. Jumatatu Sista aliandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jumatatu iliyofuata vivyo hivyo.

"Bibi, ongeza kidogo," msichana akasema siku moja. "Wakiona nimesimama palepale watauliza."

Akaongeza. Wiki nyingine akaongeza tena.

Nyumbani ikawa sherehe. Mama aliporudi kutoka kliniki ya meno alikuwa bado ana tabasamu la akiba. Alimkumbatia Bibi kwa nyuma, hapo hapo kwenye cherehani, akalaza shavu lake kwenye kichwa chenye mvi. "Mama, ni wewe na mayai yako. Ningekuwa peke yangu, huyu mtoto ningemzika."

"Acha mambo yako," Bibi akasema. "Utanifanya nipindishe mshono." Na kweli aliupindisha, akaufumua, akaupindisha tena.

Baba naye aliliinua lile begi la mlangoni, akazitoa nguo na kulitupa juu ya kabati. Mezani alikuwa akicheka, mkono wake umelala kwenye kiti cha mkewe. "Mama, ongeza wali," akamwambia mkwewe. "Mbona umekuwa huli wewe?" Kwa kweli chakula kilikuwa kimeanza kumgomea Bibi Fundi kooni. Alikuwa akitafuna wali na kuuona mchanga, akimtazama mjukuu aliyekuwa akisogeza chakula pembeni mwa sahani, huku wazazi wakitazamana wao kwa wao, wakiwa na furaha mno hata hawaoni. Walikuwa wameamini mizani. Nani asingeamini mizani?

Siku chache baadaye chumba cha kushonea kikaanza kunuka. Bibi alimsingizia paka wa jirani, akamtukana mpaka jirani akanuna. Halafu akalifunua kapu la vipande vya nguo. Chini kabisa, bitana ilikuwa imelowa maziwa yaliyoganda. Kando yake kulikuwa na mayai, kila moja limefungwa kwenye kipande cha kitambaa, kona zimekunjwa vizuri, uzi umezungushwa na kufungwa kifundo kisichofumuka. Kazi nadhifu. Kifundo hicho alimfundisha mwenyewe.

Alikaa sakafuni na lile kapu mapajani. Alitaka kumwita, amwambie, "Umenidanganya." Lakini angesema kwa mdomo gani? Mtoto angemjibu kwa swali moja tu kuhusu lile kopo. Walikuwa wameshikana mashati, hakuna anayeweza kumwachia mwenzake bila wote kuanguka. Basi akalimwaga kapu, akaliosha, akakinyunyizia chumba marashi. Jioni alimwomba jirani radhi kwa ajili ya paka.

Ijumaa ile kulikuwa na joto la kuyeyusha nta. Msichana aliingia akiwa na sweta. Alinyoosha mkono kuchukua glasi ya maziwa juu ya meza, na mkono haukufika. Alishuka taratibu, kama nguo iliyoteleza kwenye msumari, akawa sakafuni.

"Nimeteleza tu," alisema alipofumbua macho. Palikuwa na zulia, na zulia lilikuwa kavu.

Bibi alimnyanyua. Mwanamke yule amebeba marobota ya vitambaa maisha yake yote. Anajua robota la pamba na robota la bitana hata akifumbwa macho. Alichokishika mikononi mwake kilikuwa chepesi mno kuwa mtu, na kilikuwa baridi. Akamlaza kitandani, akamfunika, akakaa akimsikiliza anavyopumua mpaka alipohakikisha pumzi inafuatwa na nyingine.

"Usimwambie mama," msichana akanong'ona.

"Simwambii," Bibi akasema.

Na hakumwambia. Hapo ndipo tunapoweza kumlaumu, na yeye mwenyewe amejilaumu zaidi yetu. Binti yake alirudi jioni ile akiimba, na Bibi akafungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akasema wembe wa kufumulia umepotea. Mara ya pili akasema mvua itanyesha. Mara ya tatu akapiga mwayo. Alikuwa akiogopa lile shavu lililolala kwenye mvi zake. Likiondoka halitarudi. Akajitafutia njia ya mwoga, akaipa jina la hekima. Aliona yeye asiseme neno, aiachie mizani iseme.

Jumapili mchana, msichana alipokuwa amelala, Bibi alilifumua pindo la gauni. Akazitoa risasi moja moja. Lakini vidole vya mjukuu wake vilikuwa vya fundi, vingelipapasa pindo na kujua. Kwa hiyo akachukua vifungo vya plastiki, vya mviringo ule ule, vyepesi kama maganda ya karanga, akavishona mahali pa risasi, kwa nafasi zile zile. Kazi ile ilimchukua muda, maana macho yalikuwa yanamwaga machozi naye alikuwa akiyalaumu kwa uzee. Risasi akazitia kwenye mkoba wake. Alikusudia kumvuta Sista pembeni asubuhi na kumwonyesha. Hilo alilikusudia kweli. Tumpe haki yake.

Jumatatu wakaenda wote wanne. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu Sista alikuwa amegusia kwamba kipimo cha leo kikiwa kizuri, wataanza kuja mara chache. Alikuwa amevaa shati la sikukuu. Njiani aliwasimulia wahusika wote wa lifti zake, na mama akacheka hata pasipochekesha. Msichana alikuwa akipapasa pindo kwa vidole viwili, ameridhika; kwa udhaifu wake siku hizi kila nguo ilimwelemea sawa. Bibi alitembea nyuma, mkoba ukimvuta bega.

"Nikubebee, Mama?" mkwewe akauliza.

"Niache. Mzee asiye na cha kubeba watu humwona amekufa."

Mlangoni kwa Sista kulikuwa na nafasi ya kumvuta pembeni. Sista alisimama kabisa, akamshika mkono, akamwuliza, "Bibi, hujambo? Mbona leo umenyong'onyea?" Bibi akasema, "Miguu tu, Sista." Na nafasi ikapita, kama basi linalopita mtu amesimama kituoni kabisa.

Chumba kilikuwa kidogo. Palikuwa na meza, viti vitatu, ile karatasi ukutani yenye alama, na mizani ya kusimama juu yake. Msichana akavua viatu na sweta, akapanda.

Sista alitazama namba. Akamwambia, "Shuka, mwanangu. Panda tena." Akapanda tena. Sista hakuandika kitu. Msichana aliinamisha kichwa, akaitazama namba mwenyewe, kisha vidole vyake vikakimbilia pindo. Bibi aliviona vikikutana hapo, vidole na ukweli. Mjukuu akageuza shingo na kumtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Kulikuwa na mshangao wa mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia.

"Hii si ya wiki moja," Sista akasema kwa sauti ya chini. "Mtu hapungui hivi kwa wiki moja. Mama, nyumbani anakula nini? Nani anamsimamia?"

"Mimi!" mama akasema. "Anakula. Anakula kila kitu, nampakulia mwenyewe, namwona..." Hapo akasita, maana alikumbuka kwamba siku hizi alikuwa akimtazama mumewe.

"Unamwona?" baba akauliza. Shati la sikukuu lilikuwa limeanza kulowa mgongoni. Akamgeukia mkewe, kisha akabadili nia, akamgeukia mtoto aliyekuwa bado juu ya mizani, miguu mitupu. "Mwulize mama yako alikuwa anaona nini."

"Mwambie baba yako aseme na mimi mwenyewe!"

"Mwambie mama yako mimi nilimwamini."

Msichana aligeuka huku, akageuka kule. Mama akajifunika uso. "Nimemuua mwanangu," alisema ndani ya viganja. "Sista, andika hivyo. Andika mama mtu hana macho."

Hapo ndipo Bibi Fundi alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Akafungua kinywa, na kilichotoka hata yeye hakukitambua.

"Mizani yenyewe mbovu hiyo."

Wote wakamtazama.

"Mimi najua mizani," akaendelea, akishindwa kusimama kama mtu anayeteremka mlima mbio. "Zikikaa kwenye unyevu zinalegea. Wiki iliyopita ilikuwa nzima, leo imelegea. Usilie, mwanangu. Si kosa lako, ni chombo."

"Imekaguliwa leo asubuhi, Bibi," Sista akasema kwa upole. "Lakini tuhakikishe, ili mama apate amani. Mwanangu, shuka. Tupime kitu kidogo tuone kama namba itakuwa ya ajabu." Akatupa macho chumbani. "Bibi, nipe huo mkoba wako."

"Huu? Huu hauna kitu. Mna leso na dawa za presha."

"Ndio vizuri. Kitu chepesi."

Akaushika mkoba kwa vidole viwili, kama anayepokea leso, na mkono wake ukashuka wote. Ikabidi atumie mikono miwili. Akauweka juu ya mizani. Namba zikaruka.

Nje mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Dawa za presha," Sista akasema.

"Na leso," Bibi akasema.

Baba akachutama, akaufungua mkoba. Akachota kiganja kimoja cha risasi, akazigeuza kwenye mwanga. Fundi wa lifti anavijua vizito vya kila aina, lakini hivi hakuvijua. "Mama, hizi nini?"

"Za pazia."

"Pazia lipi?" Huyo alikuwa binti yake. Alikuwa ameondoa viganja usoni, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya utotoni, alipokuwa akimfuata mama yake chumba hadi chumba akiuliza jambo moja mpaka ajibiwe. "Mama, hujashona pazia mwaka huu."

"La mteja. Kaleta wiki iliyopita. Haraka haraka."

"Mteja gani?"

Bibi Fundi akamtafuta mteja. Yeye aliyezoea kuitia chumvi suruali ya mwashi mpaka ikavaliwa na watu wawili, ili tu kuchekesha watu, leo hakupata hata jina, hata kazi, hata uso.

Msichana alikuwa ameokota sweta lake, hajalivaa. Alisimama kati ya mama yake na baba yake, mahali alipozoea kusimama, lakini safari hii hakupeleka ujumbe wa mtu.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Mteja ni mimi."